Madoa Mawili katika Nyasi za Mbulumbulu

Asubuhi ile sikuwa na safari yoyote. Nilitoka nyumbani kwetu Kondoa kwenda kunoa panga la dada yangu, basi. Karibu na soko nikakuta lori la karanga limekataa kuwaka na watu wanaombwa kusukuma. Nikaliweka panga juu ya magunia, nikasukuma. Lori likawaka, likaondoka na panga. Nikalikimbilia, nikadandia nyuma. Dereva, mtu mnene aliyeitwa Hamisi, akachungulia dirishani na kuuliza, "Unakwenda wapi, wewe Mrangi?"

"Linakokwenda panga," nikamjibu.

Akacheka hadi usukani ukayumba. "Basi panga lako linakwenda Karatu. Karibu."

Mara tatu sasa ninyi wa nyumbani mmenikalisha mkitaka niwasimulie safari ile, na mara zote tatu nimewapa habari za Hamisi na za baridi ya Ngorongoro, kisha nikanyamaza. Nimeona afadhali niandike. Yako mambo mdomo wangu unayakataa, lakini mkono nitaulazimisha.

Kondoa hadi Mto wa Mbu

Tulipita Babati bila tabu. Tulipofika Magugu, springi ya nyuma ikakatika. Hamisi akaitazama, akavua kofia, akaivaa tena. "Hii ni siku mbili," akasema. Zikawa tatu.

Siku ya pili nilikuwa nimekaa kando ya barabara na panga langu magotini. Akaja mama mmoja anatembea haraka, akasema, "Umechelewa, baba. Twende." Nikainuka nikamfuata. Akanionyesha kipande cha vichaka pembeni mwa shamba lake la mpunga, nikaanza kufyeka. Jua lilipofika utosini akaleta wali na majani ya kunde, akaniuliza hali ya kaka yake.

"Kaka yako yupi?"

"Aliyekutuma."

"Mimi sikutumwa na mtu, mama."

Akabaki na upawa mkononi. "Sasa mbona umefyeka?"

"Ulinionyesha, nikafyeka."

Alicheka mpaka akaketi chini, akaniongezea wali. Na mimi nilicheka. Leo nikiukumbuka wali ule kicheko hakiji. Tabia yangu yote ilikuwa pale: mtu akinidhania kuwa fulani, mimi huwa fulani, kwa kuwa nataka kuona kitakachofuata.

Mto wa Mbu tulifika Jumapili, na siku hizo, kwa uhaba wa mafuta, Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa kutembea. Tukala ndizi za kuchoma kwa chumvi, tukahesabu ndege wakubwa weupe waliotua mbuyuni mpaka Hamisi akasinzia. Jumatatu alfajiri tukaanza kupanda ukingo wa mlima.

Karatu

Lori lilipanda mlima kama mgonjwa anayepanda ngazi. Huko juu udongo ukawa mwekundu na hewa ikawa baridi. Karatu wakati ule ilikuwa barabara moja ya vumbi, maduka pande mbili, na rafu nyingi ndani ya maduka hayo zilikuwa tupu. Sukari ilikuwa jina tu. Mwenye duka aliyenipa chai aliniletea na tende moja kwenye kisosi.

"Tafuna tende, kunywa chai," akasema. "Vikikutana tumboni, vitakubaliana."

Nikamwuliza kama kuna kazi. Akalitazama panga, akanitazama mimi. "Langoni Ngorongoro yuko bwana mmoja wa Upare anakamata wadudu. Anatafuta mtu asiyeogopa baridi wala kuchekwa."

Nilishachekwa vya kutosha, kwa hiyo nikaenda.

Langoni Ngorongoro

Bwana yule aliitwa Elisante. Alikuwa mrefu, mkimya, na soksi mbili kila mguu. Kazi yake ilikuwa kukusanya wadudu wa nyasi kwa ajili ya watafiti. Alinipa wavu wa kitambaa cheupe wenye mpini mrefu, akanifundisha kuupitisha juu ya nyasi, kulia, kushoto, hatua, kulia, kushoto, hatua, kama mtu anayefagia hewa. Kisha unachungulia ndani na kichupa chenye mirija miwili. Mrija mmoja unauweka mdomoni, wa pili unaulenga mdudu, unavuta pumzi, naye anaingia kichupani. Kipo kitambaa cha kumzuia asiingie kooni. Siku ya kwanza nilikisahau.

Kulikuwa na ukungu kila asubuhi hadi saa nne. Kijana mmoja wa Kimasai aliyekuwa akirudi kijijini kwao Piyaya alisimama akatuangalia muda mrefu, ameegemea mkuki.

"Ero," akaniita, kama wanavyoitana vijana wao, "hao mnakula?"

"Hatuli."

"Mnawauza?"

"Hatuuzi."

"Wanatoa maziwa?"

Elisante akatabasamu, mara ya kwanza nilipomwona akitabasamu. Kijana akatikisa kichwa, akaondoka akituonea huruma.

Kati ya wadudu wote alikuwepo mmoja ambaye Elisante alimtafuta kuliko wengine. Alikuwa na jina la kitaalamu ambalo sikuweza kulishika, nami nikamwita Madoa Mawili. Hazidi punje ya ufuta. Rangi yake ni ya majani makavu, manjano iliyofifia, na mabawa yake ameyakunja mgongoni kama paa la nyumba, yana mistari ya kahawia kutoka juu kwenda chini. Kwenye paji la uso, katikati ya macho, ana vidoa viwili vyeusi, duara, kama vilivyotiwa kwa ncha ya sindano. Ukimsogelea hatoroki mara moja. Anatembea ubavu-ubavu, anazunguka upande wa pili wa jani, anakuchungulia. Ukisogea tena anaruka, humwoni.

Elisante alisema huyu ni mwenyeji wa hapa, alikuwepo kabla ya mahindi kuletwa. Nyumbani kwake ni kwenye nyasi za porini: zile zenye masuke kama vidole vilivyotanuliwa, na zile zenye suke jepesi kama moshi. Hula kwa kufyonza maji ya jani. Mwenyewe hana madhara makubwa, ila akifyonza jani lenye ugonjwa wa michirizi na kuhamia jani zima lisilougua, ugonjwa anakwenda nao. Hindi likiupata likiwa changa halizai.

Nilipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Shule niliiacha darasa la tano kwa kuchoka kukaa. Huku nilikuwa ninajifunza nikiwa nimesimama. Jioni nilichora Madoa Mawili kwenye daftari, mara ishirini na zaidi, hadi Elisante akasema kichwa sasa kimekaa sawa.

"Kujua anapokaa ni nusu ya kazi," aliniambia siku moja. "Nusu ya pili ni kujua anahama lini, na anakwenda wapi. Hiyo tutaiona nyasi zikianza kukauka. Subiri."

Sikusubiri. Wiki ile ile trekta lilipita likielekea Mbulumbulu, na mimi sikuwa nimewahi kuona Mbulumbulu. Nilimuaga Elisante nikiwa tayari nimeshika ubao wa tela. Akanipa wavu wa zamani uliotoboka. "Ungekaa," akasema, basi.

Mbulumbulu

Ni nchi ya vilima vya ngano, mahindi na maharage, na nyumba zimekaa mbalimbali, kila moja na shamba lake. Nilishuka kwenye trekta na panga kiunoni, wavu begani, daftari mfukoni. Mtu wa kwanza niliyekutana naye akavua kofia. "Shikamoo bwana shamba. Tulidhani wametusahau."

Nilipaswa kusema hapana pale pale. Nikasema, "Marahaba."

Alinipeleka kwa Mama Boay, mwanamke Mwiraqw wa makamo, mwembamba, mwenye shuka la mistari begani. Mumewe alikuwa amefariki kabla ya mvua. Boay, mwanawe wa pekee, alikuwa jeshini na barua zilikuwa zimekatika. Kwa desturi ya zamani ambayo wengine bado waliifuata, ingawa Jumapili walikuwa kanisani, nyumba iliyofiwa ilikaa kando kwa muda: haiazimi jembe, haiazimwi ng'ombe wa kulimia. Muda huo ulipokwisha, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika kiunoni. Ya Mama Boay yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Alinipa makande na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kisha kabla sijameza tonge la pili akanipeleka shambani. Pembeni, mistari miwili ya kwanza, miche michache ilikuwa na michirizi myeupe iliyokatikakatika kwenye majani.

"Hii ni nini, bwana shamba?"

Mpakani mwa shamba kulikuwa na ukanda mpana wa nyasi, zile za masuke kama vidole. Nikapitisha wavu mara moja tu. Ndani walikuwa wamejaa. Nikamwonyesha vidoa viwili. Akainama, akatazama sana.

"Huyu mdogo hivi?"

"Huyu."

Nyuma yetu akaja mwanamume mmoja ameshika fimbo. Huyo alikuwa Tarmo, mdogo wa marehemu. Hakunisalimu. Alilitazama shamba, akamwambia, "Shemeji, nilikwambia. Shamba lisilovunwa mwaka huu, mwakani nitalilima mimi. Ardhi ya ukoo haikai bure."

"Litavunwa," akasema Mama Boay.

"Na nani? Na huyu mwenye chandarua?"

Alipoondoka, Mama Boay aliniambia bila kunitazama, "Boay akirudi asipokuta shamba, atarudi wapi?"

Basi na ninyi sasa mnajua kilichokuwa hatarini. Haikuwa habari ya gunia tatu au nne.

Siku ya Kazi

Nyasi za ukanda ule zilikuwa chakula cha ng'ombe wake wawili, ambao kwa kawaida ya huko walilala ndani ya nyumba na kuletewa majani. Kila asubuhi Mama Boay alikata mzigo mmoja, alianzia kule chini kabisa, mbali na mahindi, akarudi nao kichwani. Kesho yake mzigo mwingine, hatua moja mbele. Niliona ni kazi ya kinyonga. Zile za chini zilikuwa zimeanza kuchipua tena wakati za juu, zinazopakana na mahindi, hazijaguswa.

"Kwa nini huanzii huku juu, karibu?" nilimwuliza.

"Marehemu alianzia kule. Na baba yake alianzia kule. Mimi nafuata tu."

Nikamweleza kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mdudu nyumba yake ni nyasi. Tukiiondoa nyumba, mdudu hana pa kukaa. Zikatwe zote, siku moja, mpaka chini.

Alifikiri usiku mzima, asubuhi akaenda kwa majirani. Na majirani walikuja wote. Nadhani walikuwa na aibu kidogo kwa ule muda waliokaa mbali naye, sasa kila mmoja alitaka aonekane. Walikuja watu kumi na tisa na mapanga na miundu, akina mama na pombe ya mtama kwenye vibuyu. Walikata kwa kuimba kwa Kiiraqw, na katikati ya wimbo nilisikia neno "bwana shamba" na vicheko.

"Wanasema nini?" nilimwuliza mzee Qwaray, jirani wa karibu.

"Wanasema mabwana shamba wengine huja na karatasi. Wewe umekuja na panga, kwa hiyo wewe ni wa kweli."

Nilikata katikati yao. Panga la dada lilikuwa linakata vizuri siku ile kuliko siku zote. Saa tisa ukanda ulikuwa umebaki visiki, Mama Boay akanimiminia pombe kwa mkono wake mwenyewe, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo.

Asubuhi yake nilichukua wavu nikaenda kuhakikisha. Kwenye visiki hakuna hata mmoja. Nikafurahi. Kisha, kwa udadisi tu, nikageuka nikautazama mche wa hindi uliokuwa karibu na mguu wangu. Madoa Mawili walikuwa kwenye kila jani. Mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Walikuwa wanatembea ubavu-ubavu, wananichungulia.

Sikumwambia mtu. Nilisema ninakwenda Karatu, nikatembea siku nzima hadi langoni. Elisante alikuwa anabandika vijikaratasi kwenye vichupa. Nilimwuliza kama mtu anayeuliza jambo la kupita: yule mdudu, nyasi zikiondoka, yeye huenda wapi?

"Anakwenda penye ubichi," akasema. "Nyasi zikikauka, au zikikatwa. Na hakuna ubichi anaoupenda kama mahindi machanga. Mahindi makubwa hayamsumbui mkulima sana. Machanga ndiyo yanakufa." Akaacha kubandika. "Mmekata nyasi za pembeni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Zote? Siku moja?"

Hakunigombeza. Alisema ningepita na maji ya sabuni, ningeng'oa miche iliyougua mapema, pengine ingesaidia kidogo. Sabuni, mwaka ule wa rafu tupu! Nilirudi usiku huohuo nikang'oa miche yenye michirizi kwa siku nane. Kila nilipomaliza mstari mmoja, uliofuata ulikuwa umepata. Majirani walisimama mpakani wakinitazama, hawakuimba tena. Mahindi yao, makubwa, meusi kwa ubichi, yalikuwa salama ng'ambo ya pili ya njia.

Mwisho ukabaki uwanja wa majani ya manjano yenye michirizi, yamedumaa, kimo cha goti.

Tarmo alikuja mara moja, akapita katikati ya mistari. Nilitegemea maneno. Alisema tu, "Pole, shemeji," akaondoka, na pole ile ilikuwa mbaya kuliko tusi, kwa sababu ilikuwa ya kweli na haikubadilisha kitu. Mwakani angelima.

Siku ile ile nilimwambia Mama Boay kwamba mimi si bwana shamba. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Bwana shamba gani anakuja na viatu vya matairi?"

"Sasa kwa nini ulinisikiliza, mama?"

Alichambua kwanza, akatupa jiwe dogo pembeni. "Ulikuwa unatazama. Sijaona mtu anatazama kitu kidogo namna ile. Nikasema, anayetazama hivi hawezi kukosea."

Ningeomba anitukane. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, polepole, kana kwamba ananionyesha kitu kilichokuwa mbele yetu muda wote, "Marehemu alianzia kule chini. Na mimi sikuwahi kumwuliza kwa nini. Labda na yeye alikuwa hajui."

Siku ya tatu akaenda kwa kaka yake, upande wa Mbulu, na ng'ombe mmoja. Yule wa pili alimwachia Qwaray amtunzie Boay. Nilimbebea mzigo hadi njia panda. Hapo akaupokea.

"Baba, ishia hapa," akasema. "Nenda salama."

Kushuka Mang'ola

Sikuwa na uso wa kurudi langoni kwa Elisante, wala Karatu. Lori la vitunguu lilikuwa linashuka tupu kwenda Mang'ola, nikapanda. Barabara ni mawe matupu, na kadiri unavyoshuka baridi inakutoka mwilini, mpaka unaliona Ziwa Eyasi linang'aa jeupe huko mbali kama sufuria iliyosahauliwa juani. Dereva aliniuliza mara mbili ninatoka wapi. Mara ya pili nikamjibu nimetoka kazini.

Mang'ola ni mifereji ya maji na harufu ya vitunguu. Sikuwa na mwenyeji. Niliuliza nyumba hadi nyumba, na ya nne, mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa, Bi Zaina, mkulima wa vitunguu, akanitazama toka kichwani hadi kwenye viatu vya matairi.

"Wewe mwizi?"

"Hapana, mama."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Fundi wa kitu chochote?"

Nilifikiri. "Hapana. Mimi si fundi wa kitu chochote."

"Angalau mkweli." Akanionyesha kibanda cha kuhifadhia vitunguu, kilikuwa kitupu, kuta za fito, sakafu ya udongo. Akaniletea ugali na samaki mkavu, tena akakaa akahakikisha ninakula. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. "Kitanda sina," akasema. "Ila panga unalo. Kata nyasi pale mferejini, za kutosha, ujitandikie. Hapa chini pana sisimizi."

Nikaenda. Kando ya mfereji nyasi zilikuwa zimesimama hadi kifuani, nzito, na masuke yake yalikuwa kama vidole vilivyotanuliwa. Ng'ambo ya nyasi, hatua mbili tu, Bi Zaina alikuwa amepanda vijistari vichache vya mahindi ya kula nyumbani. Yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Nikainama, nikatenganisha mabua kwa vidole. Juu ya jani moja kitu kidogo cha rangi ya majani makavu kikasogea ubavu-ubavu, kikaenda upande wa pili. Sikuhitaji kuona paji lake.

Nililirudisha panga kiunoni.

Nililala kwenye udongo mtupu, na sisimizi walinipata kweli. Asubuhi Bi Zaina alichungulia kibandani, akaona hakuna unyasi hata mmoja, akacheka kwa ile sauti yake. "Mvivu we! Hata kujikatia kitanda?"

"Ziache zisimame, mama," nikamwambia. "Mahindi yako yakikua, ndipo nitazikata. Kidogo kidogo. Nitaanzia kule mwisho, mbali na mahindi."

Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia akae, kwa kuwa habari yenyewe ni ndefu na si yangu peke yangu.